Kwa vijana mnaopima maji taka ya viwanda vya korosho

Nimepokea tena kutoka kwenu, wadogo zangu wa Mtwara, fomu yenye jina la kiwanda, tarehe na kiwango cha fenoli, ile kemikali yenye sumu itokayo kwenye maganda ya korosho, huku safu ya mtiririko, yaani wingi wa maji yanayopita mferejini, ikiwa na kistari kitupu. Haraka hii naifahamu, maana hata mimi nimewahi kuwa nayo.

1. Sampuli ya fenoli huwekwa kwenye chupa ya kioo cha kahawia, hutiwa asidi ya salfuriki hadi pH, kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 2, na husafirishwa katika barafu. Chupa za maji ya kunywa za stendi mziache stendi.

2. Pimeni mtiririko. Msimu mmoja, majirani wa kiwanda fulani cha kubangua walilalamika kwamba maji ya kisima chao, kila wakiyatia klorini, hunuka dawa ya hospitali. Nilikwenda kukagua kwa miadi, barua ikiwa imetangulia, nikakuta bomba la maji safi likimwagika ndani ya mfereji wa maji taka. Nililiona kwa macho yangu, nikajiambia kwamba wanaosha sakafu. Nikachota, majibu yakaja chini ya kikomo, nami nikatia saini kwamba malalamiko hayana msingi.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa mita ya ujazo. Mfereji wenye miligramu 20 kwa lita, unaopitisha mita za ujazo 30 kwa siku, humwaga gramu 600 za fenoli. Ongeza mita za ujazo 90 za maji safi, kipimo kitashuka hadi 5, na gramu zitabaki zilezile 600. Maabara haikukosea, aliyekosea ni mimi niliyepeleka nusu ya swali. Tena fenoli ikikutana na klorini huzaa klorofenoli, ambazo ulimi huzitambua hata zikiwa chache mno, kwa hiyo wale akina mama niliowaona wasumbufu walikuwa wamenipa kidokezo bora kuliko vifaa vyangu vyote.

3. Ulizeni kama korosho hukaangwa au hupitishwa kwenye mvuke, kwa kuwa asidi ya anakadiki iliyo katika mafuta ya ganda, ikipata joto kali, hupoteza kaboni dioksidi na kuwa kadanoli, ambayo nayo ni aina ya fenoli. Meneja atawaonyesha cheti. Mtu wa boila atawaambia ukweli, na wabanguaji watawaonyesha vidole vilivyoungua kwa mafuta hayo licha ya majivu wanayojipaka kujikinga.

4. Msinililie kwamba hamna mita. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kwa sekunde, yaani takriban mita za ujazo 43 kwa saa 24. Msizidishe kwa 24 kabla ya kuzungumza na mlinzi wa zamu ya usiku, kwa sababu mfereji mkavu saa nne asubuhi huweza kuwa umejaa saa nane usiku.