Gawa kwa mashauri yaliyoamuliwa
Umeuliza kwa nini gharama ya kila rufaa ya viza Australia hupanda ghafla kwenye majibu yanayopelekwa Seneti. Angalia kigawanyo kwanza. Ukigawa matumizi kwa mashauri yaliyoamuliwa, wajumbe wa baraza la rufaa, yaani wanaoamua mashauri, wakipungua idadi hiyo hushuka, huku pango la ofisi likilipwa vilevile, hivyo gharama ya kila shauri hupanda. Ukigawa kwa yaliyofunguliwa, mlundikano wa mashauri yasiyoamuliwa unajificha, na hapo ndipo waombaji wanaumia.

Kiwango cha maamuzi yaliyotenguliwa hakithibitishi peke yake kwamba ofisa wa kwanza alikosea. Baraza hupokea ushahidi mpya. Seneta aulize pia muda wa kusubiri kwa kila aina ya viza. Takwimu za kabla ya 1 Julai 2015, mabaraza ya uhamiaji na wakimbizi yalipoingizwa AAT (baraza la rufaa za kiutawala la wakati huo), usizilinganishe kichwakichwa na za AAT, wala za baada ya ART, baraza lililochukua nafasi yake, kuanza 14 Oktoba 2024.