Mtoki si uchafu wa limfu: jibu la mtu aliyeondolewa tezi za kwapa

Ndugu aliyeuliza iwapo mtoki uliomtokea kinenani baada ya kidonda cha mguu ni dalili kwamba limfu yake, yaani maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kurudishwa humo kwa mishipa yake ya pekee, imechafuka, na iwapo anunue dawa ya kunywa ili aisafishe, naomba nimjibu kwa kirefu kidogo. Mimi si daktari. Niliondolewa tezi za kwapa la kushoto wakati wa upasuaji wa saratani ya titi, na tangu mkono huo ulipoanza kuvimba nimelazimika kuufahamu mfumo huu kuliko nilivyopenda.

Damu inapopita katika mishipa midogo kabisa, shinikizo lake husukuma nje maji yenye virutubisho pamoja na protini kidogo. Maji hayo huzilisha seli, lakini si yote yanayorudi moja kwa moja kwenye damu, na kwa mtu mzima ziada inayobaki hufikia takriban lita 3 kwa siku. Isipozolewa, mwili huvimba, na protini zilizovuja huzidi kuyavuta maji. Anayeizoa ni mshipa wa limfu, ambao mwanzo wake umezibwa kama ncha ya kidole cha glavu, na seli za ukuta wake zimepandana mfano wa vigae vya paa: maji yakizidi nje, hufunguka yaingie, na shinikizo la ndani likipanda, hujifunga yasitoke.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake mikubwa hujikaza yenyewe, vali zilizomo ndani huizuia isirudi nyuma, na msaada mwingine hutoka kwenye misuli tunapotembea na kwenye kifua tunapovuta pumzi. Safari huishia nyuma ya mtulinga, ambako limfu hurudishwa katika damu. Mgawanyo wenyewe hauna usawa hata kidogo, kwani mfereji mkuu wa kifuani hubeba limfu ya miguu yote miwili, tumbo na upande wote wa kushoto wa juu, ilhali mfereji wa kulia hubeba ya mkono wa kulia na nusu ya kulia ya kichwa na kifua. Jean Pecquet wa Ufaransa aliueleza mfereji huo mkuu mwaka 1651, miaka 29 baada ya Gaspare Aselli, daktari wa Italia, kuona mishipa myeupe kwenye utumbo wa mbwa aliyekuwa ameshiba. Weupe ule ulitokana na mafuta ya chakula, ambayo kwa sehemu kubwa hupitia kwenye limfu kabla ya kufika katika damu.

Sasa nije kwenye mtoki. Njiani limfu huchujwa na tezi, ambazo mwilini zimo mamia, nyingi zikiwa shingoni, kwapani, tumboni na kinenani. Seli za ulinzi huchukua vipande vya vijidudu kutoka kwenye kidonda na kuvipeleka katika tezi iliyo jirani, na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, inayovitambua huanza kuzaliana kwa wingi. Tezi hujaa, huvimba na kuuma, kwa hiyo mtoki wako unaonyesha kwamba kazi inafanyika.

Dawa ya kusafisha niliwahi kuinywa kwa miezi miwili, na mkono uliendelea kuvimba kana kwamba sikunywa kitu. Kinywaji hakina njia ya kwenda kuosha mishipa ya limfu, na tatizo langu halikuwa uchafu bali njia ya kutokea iliyokatwa. Ilianza kwa pete iliyogoma kuvuka kifundo cha kidole, kisha jioni nikibonyeza ngozi, shimo linabaki. Kilichonisaidia ni bendeji za kubana, mazoezi nikiwa nimezifunga, na ukandaji mwepesi ambao, kwa mshangao wangu, mtaalamu aliuanzia shingoni wala si mkononi, kwa sababu foleni hufunguliwa kutoka mbele. Ngozi nayo naitunza mno. Mchubuko mdogo wa sindano uliwahi kuniletea homa na mkono mwekundu kabla ya usiku kuisha, nikapewa antibiotiki. Wenye matende hupata shida ya aina hiyohiyo, ila kwao mishipa imeharibiwa na minyoo ya filaria.

Kwa hiyo, ndugu yangu, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, na usiukandekande mtoki. Usipopungua ndani ya wiki chache, au ukiwa mgumu, hausogei na unaendelea kukua, au ukaambatana na jasho la usiku na kupungua uzito, mwone daktari. Na ukiona mstari mwekundu unaopanda kutoka kidondani kuelekea kinenani, usingoje majibu ya mtu yeyote hapa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.