Ukiulizwa kwa nini sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu

Kwenye arobaini ya mama, shemeji yangu ambaye ni mlokole alinikuta nyuma ya nyumba nakwangua ukoko wa pilau akaniuliza, sasa shem, mama ameshakufa, hukumu ni ya Mungu, hizo misa mnalipia za nini? Nikamjibu kwa hasira kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Jibu bovu kabisa, na liliniuma wiki nzima.

Kwa hiyo we ukiulizwa hivyo msibani, usikimbilie vitabu vya Wamakabayo, vilivyomo kwenye Biblia yetu. Andiko lipo kweli, 2 Mak 12, Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, anakuta wanajeshi wake waliouawa vitani walivaa hirizi za miungu ya mji wa Yamnia ndani ya nguo, anachangisha drakma 2000 za fedha zipelekwe Yerusalemu iwe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa sababu aliamini watafufuka. Ila mwenzako ana Biblia ya vitabu 66, hicho kwake hakimo, mtaishia kubishana Biblia ya nani imepunguzwa na marehemu mmemsahau. Anza na 2 Timotheo 1:18, Paulo anamwombea Onesiforo, mtu aliyemsaidia, apate rehema siku ile ya hukumu, na wengi tunaosoma pale tunaona kama alikuwa ameshafariki maana anayesalimiwa ni familia yake tu.

Halafu msimulie Monika. Huyu ni mama wa Kiafrika, mtu wa Thagaste, leo ni Algeria, mwaka 387 anaumwa kule Ostia karibu na Roma akisubiri kuvuka bahari arudi nyumbani. Mtoto wake mmoja anataka afie kwao, na yeye mwenyewe siku zote alitaka alazwe pembeni ya mumewe (si unajua sisi na kusafirisha mwili). Akawaambia zikeni popote, msihangaike, ninachoomba tu mnikumbuke kwenye altare ya Bwana. Aliyeyaandika haya ni mwanae mwenyewe, Mtakatifu Augustino.

Na umweleze kwa upole kwamba toharani sio nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu, ni kutakaswa kwa aliyekufa katika neema yake, na misa hainunuliwi, ile ni sadaka, hata asiye na kitu anaombewa.

Mimi nilimpigia shemeji nikamwomba radhi kwanza ndio nikamsimulia. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, nia ya misa ya mama ipo, jina lake nimeliona kwenye daftari la parokia, kwa peni ya bluu.