Barua kwa mwanangu aliye BTP (mazoezi ya kufundisha)

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, ulianza lini kujiona mwalimu? Hii ni wiki yangu ya tatu ya BTP na watoto wakiita madam bado nageuka nyuma kuangalia anayeitwa." Ukaongeza kwamba wenzako wanakushauri ubebe fimbo, la sivyo darasa la pili watakupanda kichwani, na kwamba kuna mvulana wa dawati la nyuma hajafungua mdomo tangu ufike. Nikaona haya si ya kujibu kwa simu.

Mimi niliingia darasani mwaka 1976, nikiwa na miaka 17. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto apate shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha, ndipo tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Hatukuanzia chuoni kama wewe. Tulifundisha huku tukifundishwa na walimu wazoefu, pamoja na masomo ya posta na ya redio. Mpango ule uliitwa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, lakini watu wakatubandika sisi jina hilo kwa maana yao: Ualimu Pasipo Elimu. Jina lile liliniuma kuliko nilivyowahi kukwambia. Ndiyo maana nilijikaza nionekane mwalimu. Nilishona sketi ndefu, nikaiga sauti ya mwalimu mkuu, hata kikohozi chake kabla ya kuanza somo. Na fimbo nilibeba. Nilikuwa najificha nyuma yake kwa hofu, mwanangu, na watoto wa watu ndio walioumia. Hilo linanichoma hadi leo.

Kilichonigeuza ni daftari moja. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ameandika 52 toa 27 ni 35. Nikamwekea kosa. Kesho yake kosa lilelile, kesho kutwa tena. Siku ya nne nikachuchumaa kando ya dawati lake, nikamwambia, hebu nionyeshe ulivyofanya. Akasema: "Mwalimu, ulituambia namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Basi saba nikaitoa mbili, ikabaki tano." Maneno yale yalikuwa yangu. Yule mtoto alinitii neno kwa neno, na mimi kwa siku tatu nilikuwa nikimwadhibu kwa utii wake.

Siku iliyofuata nikaja na vijiti, nimevifunga kumi kumi kwa katani. Nikamwekea mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Nikamwambia, nipe saba. Akavitazama vile viwili, akanitazama mimi, kisha akachukua fungu moja akalifungua kwa meno. Hakuna aliyemwambia afungue. Akanihesabia saba, halafu mafungu mawili, akabaki ameinama anahesabu yaliyosalia: ishirini na tano. Dakika zile sikuikumbuka sketi yangu wala UPE. Nilikuwa namtazama yeye tu.

Ukinibana nikutajie siku, nitakutajia hiyo, ingawa baada yake nilirudi kwenye woga mara nyingi, hasa mkaguzi alipokuja. Mpaka pale nilikuwa nimeshughulika na swali moja, wananionaje? Tangu pale nikaanza kuuliza, huyu anaonaje hesabu hii?

Kwa hiyo andalio lako la somo liandike vizuri, zana zako ziandae, maana mtahini ataziangalia na ana haki hiyo. Ila kile kipengele cha tathmini, ambacho wengi hujaza "asilimia 80 wameelewa" kabla hata kengele haijagongwa, wewe kijaze kwa ukweli. Andika nani alikwama, na alikwama hatua ipi. Nakuomba sana hilo. Ukilifanya kila siku mpaka BTP iishe, utawajua watoto wako kuliko walimu wengine waliokaa nao mwaka mzima.

Fimbo iache. Kanuni za viboko shuleni za 2002 zenyewe zinampa ruhusa mwalimu mkuu, au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko havizidi vinne na vinaandikwa kitabuni. Wewe wa mazoezi hauhusiki. Lakini hata wangekuidhinisha, ningekuomba hivihivi. Watakupanda kichwani kidogo, ni kweli. Ingia darasani na kazi ikiwa tayari ubaoni, mwite kila mmoja kwa jina lake, na ukiahidi kusahihisha madaftari leo, yasilale. Mwalimu wako mlezi muige mpangilio wa ubao, umesema mwandiko wake unapendeza. Sauti yake mwachie mwenyewe.

Na kuhusu kugeuka nyuma ukiitwa madam, usione aibu. Mimi nilizoea kuitwa mwalimu dukani, siyo darasani. Wazazi ndio walionizoesha, walipoanza kuniletea barua zao huko niwasomee.

Nipigie Jumapili jioni. Yule mvulana wa dawati la nyuma hukuniandikia jina lake. Nataka kulijua, na nataka kujua kilichomo kwenye daftari lake.

Mama yako