Aliyetia Moto Konde Awe wa Kwanza Kuita Watu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati ya uhifadhi katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja, Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2004. Kwa niliyoyaona, ukubwa wa moto wa kichakani hutegemea sana muda unaopita kabla mwenye konde hajaita watu.

Kwetu maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe, mkulima hukata kichaka wakati wa Kaskazi, msimu wa jua kali, akakiacha kikauke, kisha akakichoma ili awahi mvua za Masika, na huo ndio wakati ambapo majani ni makavu na upepo hauna huruma. Cheche zikivuka mpaka, wengi hupambana nazo peke yao kwa tawi bichi, kwa kuwa wakipiga ukelele watajulikana, wataitwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, na majina yao yatasemwa barazani mwaka mzima. Nilimwona mzee mmoja ametoka kichakani nyusi zimeungua na shuka imetoboka matundu, akikana katakata kwamba alikuwa huko, ilhali moto umeshafika kwenye minazi ya jirani yake. Iliniuma sana, maana vijana walikuwa karibu na wangemsaidia.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa kamati wakubaliane kabla ya msimu kwamba anayeita watu mapema hatatozwa faini ya kijiji, na anayekimbia ndiye atakayewajibika. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 inabaki palepale, kwani kamati haina uwezo wa kuitangua. Fidia nayo ni jambo jengine: mnazi ulioungua una mwenyewe na haki yake isipotee, lakini mazungumzo hayo yasubiri moto uzimike na wazee wakae.

Habari za kuchoma konde ziwafikie pia wanawake. Tangazo linalotolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa huwapata wanaume zaidi, ilhali wanaokwenda kuchanja kuni ndio mara nyingi huuona moshi wa mwanzo, nao hawajui kama moshi huo una mwenyewe au la. Warina asali nao waambiwe siku moja kabla.

Kuchoma kwenyewe kufanywe asubuhi na mapema, umande haujakauka.

Kazi inayosahauliwa ni ulinzi wa baadaye. Katika ardhi ya mawe moto hujificha kwenye mizizi iliyomo nyufani, udongo wa kuufukia ni haba, maji ni ya kubebwa kwa madumu, na kisiki kinachofuka huweza kuwaka tena upepo ukirudi. Mtu mmoja hawezi kukesha hapo peke yake, na jirani aliyegombana naye juu ya mpaka hatakuja kumpokea. Zamu hiyo ipangwe kabla kiberiti hakijawashwa, na wenye ugomvi waombwe na mzee wanayemheshimu wote wawili.