Maswali na Majibu: Wabahama na Wahaiti Ugenini, Kipato Chao na Hati Zao

Tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi Juni 2024, barua zinazohusu Haiti zimeongezeka katika safu hii. Nyingi kati yake haziulizi habari za magenge. Zinauliza Wahaiti waliokimbilia nje wanaishi vipi, na kwa nini majirani zao wa visiwa vya Bahama, ambao nao walihamia Florida, wanasemekana kuwa na maisha nafuu. Nimechukua maswali machache yanayoshikana.

Wote ni weusi, wote ni watu wa visiwani, na wote walihamia Miami. Kwa nini Mbahama asifiwe kuwa na nyumba na Mhaiti asimangwe kwa umaskini? (Msomaji, Nairobi)

Tuanze na idadi, kwa sababu ulinganisho huu una mtego ndani yake. Wahaiti waliozaliwa Haiti na kuishi Marekani wanakaribia laki saba au wamezidi hapo, na karibu nusu yao wapo Florida, ilhali Wabahama waliozaliwa kwao na kuishi Marekani ni makumi machache ya maelfu tu. Mwanafunzi wa Nassau, mji mkuu wa Bahama, anayesoma chuo kikuu cha Miami anahesabiwa pamoja na mjukuu wa mchuma nyanya, na katika kundi dogo kiasi hicho watu wachache wenye uwezo wanatosha kuupandisha wastani wa wote.

Jambo la pili ni nchi anayoiacha mhamiaji nyuma yake. Bahama inaishi kwa utalii na huduma za fedha; dola yake inabadilishwa sawa kwa sawa na dola ya Marekani, na pato lake kwa kila mtu limepita dola 30,000 kwa mwaka. Pato la Haiti kwa kila mtu ni dola elfu mbili hivi tu. Haiti ilipojikomboa utumwani ililazimishwa na Ufaransa mwaka 1825 kuahidi fidia ya faranga milioni 150, iliyopunguzwa baadaye kuwa milioni 90, na mikopo iliyotokana na fidia hiyo iliendelea kulipwa hadi mwaka 1947. Mbahama anayeshindwa maisha Miami anaweza kurudi kwao akatafute kazi hotelini. Mhaiti aliyeuza shamba la wazazi ili alipe nauli ya mashua hana cha kurudia.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, tofauti kubwa kuliko zote imetokana na hati, yaani jinsi sheria ya nchi waliyoiendea ilivyowapokea. Majibu yanayofuata yataonyesha kwa nini ninasema hivyo.

Nimesikia kwamba Miami ilijengwa na Wabahama. Ni kweli, au ni majigambo tu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Katika miaka ya 1880, kabla reli ya tajiri Henry Flagler haijafika, Wabahama weusi walikwisha kufanya kazi katika hoteli ya Peacock Inn, kwenye kijiji cha Coconut Grove, kama wafua nguo, wapishi na watunza bustani. Walijenga nyumba zao kando ya barabara ambayo leo inaitwa Charles Avenue. Walikuwa na ujuzi ambao wazungu waliotoka kaskazini hawakuwa nao: walijua ni mti gani wa matunda unaoota juu ya mwamba wenye udongo haba, na walijua kuchonga mawe ya chokaa ya baharini na kuyajengea, kazi ambayo msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa. Mwaka 1896, watu wa Miami walipopiga kura ya kuifanya kuwa mji, zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walikuwa weusi, na Wabahama walikuwamo kwa wingi.

Kati ya mwaka 1900 na 1920, Wabahama wapatao elfu kumi hadi kumi na mbili walivuka kwenda Florida, karibu mtu mmoja kati ya kila watano wa visiwa vile. Kilimo cha mananasi kilikuwa kimeanguka, na kutoka kisiwa cha Bimini, Bahama, hadi Miami ni kilomita 80 hivi, safari ya mashua ya siku moja. Sensa ya mwaka 1920 iliwakuta Miami weusi 4,815 waliozaliwa ng'ambo, takriban wote Wabahama, nao walikuwa zaidi ya nusu ya weusi wote wa mji huo.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Ebenezer Stirrup, mzaliwa wa kisiwa cha Harbour Island, Bahama, aliyefika Florida akiwa kijana na kufanya kazi za mikono. Kila alipopata fedha alinunua kiwanja, wakati ambapo kiwanja cha Coconut Grove kilikuwa bado kinanunulika, kisha akajenga nyumba zaidi ya mia moja na kuwauzia au kuwapangisha Wabahama wenzake. Nyumba yake mwenyewe ya orofa mbili aliijenga mwaka 1897. Bidii alikuwa nayo, hilo halina ubishi, lakini tazameni pia kalenda: alikuta ardhi ya bei nafuu, na alikuta mpaka ambao haukuwa unamwuliza mtu mweusi wa visiwani maswali mengi.

Nisije nikaupamba wakati ule kupita kiasi. Wabahama waliishi chini ya ubaguzi wa rangi kama Wamarekani weusi wengine, na wengi walifia kwenye vibarua bila kumiliki hata kiwanja kimoja. Kati ya mwaka 1943 na katikati ya miaka ya 1960, maelfu yao waliletwa kwa mkataba wa serikali mbili kuvuna mboga na matunda. Wenyewe waliuita "the Contract", na sehemu ya ujira ilikatwa na kupelekwa Nassau kama akiba ya lazima. Ukimsoma kibarua yule wa mwaka 1945, utaona hali yake haikuwa mbali na ya Mhaiti wa miaka arobaini baadaye.

Wahaiti nao si walifika kwa mashua? Sheria iliwatendea tofauti gani? (Msomaji, Dodoma)

Walifika, lakini kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na walifika mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Mashua iliyofungua zama zao ilitia nanga Pompano Beach mwezi Desemba 1972. Mwaka 1980 Florida ilipokea Wakuba wapatao 125,000 na Wahaiti wapatao 25,000. Mkuba alikuwa na sheria ya mwaka 1966 iliyomwezesha kuomba ukaazi wa kudumu baada ya muda mfupi. Mhaiti aliitwa mtafuta riziki, si mkimbizi, ingawa alikuwa akikimbia utawala wa kidikteta wa Duvalier nchini Haiti. Mwaka huohuo wa 1980 jaji wa mahakama ya shirikisho, James Lawrence King, aliamua kwamba idara ya uhamiaji ilikuwa imewabagua Wahaiti kwa kuyasukuma maombi yao ya hifadhi kwa haraka bila kuyasikiliza inavyostahili.

Mwaka uliofuata Marekani ilikubaliana na serikali ya Duvalier kwamba walinzi wa pwani wazisimamishe mashua baharini na kuwarudisha abiria. Kati ya mwaka 1981 na 1990 Wahaiti 22,940 walikamatwa namna hiyo, na katika hao ni 11 tu walioonekana kustahili kuomba hifadhi. Sijui kama kuna haja ya kuongeza neno juu ya hesabu hiyo.

Sasa tuirudishe habari hii kwenye mfuko. Mtu asiye na kibali cha kazi huchukua kazi isiyouliza kibali: kuvuna mashamba ya Belle Glade na Immokalee, kuosha vyombo jikoni, kutandika vitanda vya hoteli za Miami Beach kwa ujira wa mkononi. Asiye na hati za malipo hana rekodi ya mkopo, na asiye na rekodi ya mkopo hanunui nyumba, anapanga. Mwaka 1982 wakuu wa afya wa Marekani waliwaorodhesha Wahaiti, kama taifa zima, miongoni mwa makundi yenye hatari ya ukimwi, na orodha hiyo haikurekebishwa hadi mwaka 1985. Katika miaka ile mitatu kazi ya jikoni au ya kulea watoto haikuwa rahisi kupatikana kwa mtu mwenye lafudhi ya Kihaiti.

Nafuu ilikuja kwa mafungu. Sheria ya mwaka 1998 iliwapa wengi ukaazi, na baada ya tetemeko la Januari 2010 walipewa hifadhi ya muda yenye ruhusa ya kazi. Hifadhi hiyo imeongezwa mara kwa mara, kisha mwaka 2025 serikali ikatangaza kuifuta na suala likaingia mahakamani. Hebu fikiria kuomba mkopo wa nyumba wa miaka 30 ukiwa na kibali cha miezi 18.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee pamoja na akina dada wa Haiti. Kila mshahara ukitoka, wanatuma kwao. Watajiendeleza lini? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Dada yangu, nadhani hata wewe una namba za simu usizozipokea mwisho wa mwezi. Fedha zinazotumwa Haiti na walio nje zimepita dola bilioni tatu kwa mwaka, karibu sehemu moja ya tano ya uchumi wote wa nchi ile, na zinalipa ada, dawa na mchele. Wakiacha kutuma, watu wa kwao watakula nini?

Lakini usidhani hawaweki akiba. Waulize juu ya "sòl", nao watakueleza mchezo unaoujua: watu kumi wanatoa dola 200 kila wanapolipwa, na kila awamu mmoja wao anaondoka na dola 2,000. Fedha hiyo ndiyo inayomlipa wakili wa uhamiaji, inanunua gari la kwendea zamu ya usiku, au inalipia mafunzo ya uuguzi. Wabahama wana upatu huohuo, wanauita "asue", na wameuendesha vizazi na vizazi. Udhaifu wake ni kwamba benki haiuhesabu: mtu anaweza kulipa miaka ishirini bila kuruka awamu hata moja, na bado akaonekana hajawahi kukopa wala kulipa.

Kuhusu uvumi wa mwaka 2024 kwamba Wahaiti wa Springfield, huko huko Ohio, walikuwa wakila paka na mbwa wa majirani, ulikuwa uongo. Walifuata kazi za viwandani na maghalani.

Kwa neno moja, nani anaishi vizuri zaidi? (Msomaji, Bujumbura)

Mwenye hati miliki ya nyumba, awe wa taifa lolote kati ya hayo mawili.

Na Wahaiti waliohamia Bahama kwenyewe, wanapokewaje na watu ambao nao walikuwa wahamiaji? (Msomaji, Zanzibar)

Hapa Mbahama anageuka kuwa mwajiri. Katika Bahama, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi ana asili ya Haiti, na wao ndio wanaofyeka bustani, kuchanganya saruji na kufanya kazi za ndani. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri, na kinamfunga mfanyakazi kwa mwajiri huyo. Wakigombana, aliyepoteza kazi amepoteza na haki ya kukaa. Katika kisiwa cha Abaco wengi waliishi kwenye vitongoji vya mabanzi vya The Mudd na Pigeon Peas, karibu na Marsh Harbour. Kimbunga Dorian kilivifagia tarehe 1 Septemba 2019, serikali ikakataza kujengwa upya, na baada ya wiki chache kuwarudisha Haiti wasio na hati kukaendelea.

Jambo linalouma zaidi ni la watoto. Kwa katiba ya mwaka 1973, mtoto aliyezaliwa Bahama na wazazi wasio raia hapati uraia kwa kuzaliwa. Anaweza kuuomba akitimiza miaka 18, na ana miezi 12 tu ya kufanya hivyo. Hadi hapo anakua hana nchi inayomtambua vizuri, na kijana wa namna hiyo hupata shida ya masomo ya juu na ya ajira rasmi.

Linganisha na mtoto wa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island ambao mwaka 1927 walikuwa Miami kuuza mazao yao, mama akajifungua kabla ya wakati. Mtoto huyo, kwa kuzaliwa pale tu, akawa raia wa Marekani. Alirudi Bahama kulelewa, na alipofika miaka 15 akaingia Miami kama mtu anayerudi nyumbani. Ni Sidney Poitier, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri na, baadaye, balozi wa Bahama nchini Japani. Mtoto wa Mhaiti aliyezaliwa Nassau mwaka huu hana mlango huo, na wanaomnyima ni wajukuu wa watu walioupitia.

Nasikia mtaa wa Wahaiti wa Miami unauzwa. Wataenda wapi? (Msomaji, Muscat)

Little Haiti, iliyoitwa zamani Lemon City, iko mwinuko wa mita tatu hivi juu ya bahari. Zamani hilo halikuwa na thamani, kwa kuwa matajiri walitaka ufukwe. Sasa bahari inapanda, na wanunuzi wanatazama juu. Mwezi Juni 2019 jiji liliidhinisha mradi mkubwa wa majengo wa Magic City, na wajenzi wakaahidi dola milioni 31 kwa mfuko wa mtaa. Wakazi wengi ni wapangaji, kwa hiyo bei ya ardhi ikipanda hawapati faida, wanapata kodi mpya. Wengi wamekwisha kuhamia North Miami, ambayo tangu mwaka 2001 imewahi kuchagua meya mzaliwa wa Haiti, na wengine kaunti ya Broward; kati yao wapo walionunua nyumba huko na ambao hawaupendi mtaa wa zamani hata kidogo.

Msidhani Coconut Grove imesalimika. Nyumba za mbao za Wabahama zinabomolewa na masanduku meupe ya zege yanainuka mahali pake. Tofauti ni kwamba mjukuu wa Stirrup, au wa fundi aliyenunua kutoka kwake, anapoondoka huwa ameuza, na fedha za mauzo zinamwezesha kuanza kwingine, isipokuwa pale nyumba ilipoachwa bila wosia na ndugu wakashindwa kupatana. Jiji limeipa sehemu hiyo jina rasmi la Little Bahamas, wakati Wabahama wenyewe wakizidi kupungua.