Jibu: Joto la Ziwa Tanganyika kabla ya vipimajoto

Mkuu, una shaka kwamba joto la kale la Ziwa Tanganyika linaweza kujulikana, ukauliza nani alikuwa na kipimajoto Kigoma miaka 1,000 iliyopita. Hakuna. Kinachosomwa ni tope. Bomba huzamishwa sakafuni mwa ziwa, likavutwa na tope lake, kisha tope likakatwa vipande vyembamba. Vya juu hupewa umri kwa risasi-210, vya chini kwa kaboni-14, yaani atomi za madini ya risasi na za kaboni ambazo hupungua kwa mwendo unaojulikana. Halafu katika kila kipande hupimwa mafuta ya vijidudu viitwavyo akea: maji yakipata joto, molekuli za mafuta hayo huwa na pete (atomi zilizoungana kwa duara) nyingi zaidi.

Shaka yako ina pa kushika, tena si padogo. Kosa katika makadirio ya joto hufika digrii 3 hivi, kwa hiyo mimi hutazama mwelekeo, si namba moja moja. Na karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mafuta kutoka udongo wa nchi kavu huvuruga hesabu.